Pembe za Nakuru Ambazo Wengi Huzipita Bila Kuziona

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa jiji la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Tangu hapo, mazungumzo mengi yamehusu barabara, maji na majengo mapya. Lakini jiji hili lina pia pembe zake za kale na za sanaa, na baadhi ziko karibu kuliko wakazi wengi wanavyodhani. Makala haya yanaeleza chache kati ya hizo, na jinsi mkazi anavyoweza kusaidia kuzihifadhi.

Bao juu ya mwamba

Takriban kilomita nne kutoka katikati ya jiji, karibu na barabara kuu ya Nairobi, kuna kilima cha mawe kiitwacho Hyrax Hill. Jina hilo linatokana na pimbi, mnyama mdogo aliyekuwa akionekana kwa wingi katika nyufa za miamba yake. Juu ya mwamba mmechongwa vishimo vilivyopangwa kwa safu. Hayo ni mabao ya kuchezea, ya mchezo ambao wazee bado wanaucheza vivulini hadi leo.

Mwaka 1937 mtafiti Mary Leakey alianza kuchimba hapo. Yalipatikana makaburi, vigae vya vyungu na vifaa vya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo. Yapo pia mabonde madogo ya mviringo ambayo wataalamu wanasema yalikuwa mazizi ya mifugo. Makavazi yaliyopo, yaliyofunguliwa mwaka 1965, yamo katika nyumba ya zamani ya shambani.

Reli, jukwaa na kasri

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na miaka minne baadaye mahali hapa pakatangazwa kuwa mji. Kwa hiyo anayesimama katika stesheni ya Nakuru yuko pale ambapo mji ulianzia. Ni hapa pia njia mbili za reli zinapoachana, moja ikielekea Kisumu na nyingine Eldoret hadi Uganda.

Katikati ya jiji kuna ukumbi wa Nakuru Players. Umepokea vizazi vya waigizaji, wakiwemo vijana wanaopanda jukwaani kwa mara ya kwanza. Kwa msanii chipukizi, ukumbi kama huo ndio unaomwezesha kukutana na watazamaji bila kufunga safari hadi Nairobi.

Nje ya jiji, upande wa Njoro, kuna Kasri la Lord Egerton. Mlowezi huyo Mwingereza alianza kulijenga mwaka 1938, na kazi ikakamilika mwaka 1954. Lina vyumba zaidi ya 50, ilhali mwenyewe hakuwahi kuoa. Masimulizi ya mwanamke aliyelikataa kasri hilo husimuliwa mpaka leo. Sasa liko chini ya Chuo Kikuu cha Egerton, na wananchi huruhusiwa kulizuru.

Nani anazilinda?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la shughuli za utamaduni, maktaba, makavazi na utalii wa mashinani. Maeneo ya kihistoria ya kitaifa, kama Hyrax Hill, husimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya chini ya sheria ya mwaka 2006. Kuharibu mnara au eneo lililotangazwa rasmi katika Gazeti la Serikali ni kosa.

Hata hivyo, si kila kitu cha thamani kimetangazwa. Nyumba nzee ya mawe, duka la tangu enzi za babu au picha iliyochorwa ukutani inaweza kuondolewa kwa siku moja, na kumbukumbu zake zikapotea. Jiji linapopanuka, mashamba yanakuwa mitaa, na misingi ya nyumba inachimbwa katika ardhi ambayo watu wameishi kwa maelfu ya miaka.

Mkazi afanye nini?

Anayechimba msingi, kisima au choo akakuta mifupa ya kale, vigae au vifaa vya mawe, asivihamishe wala kuviuza. Asimamishe kazi mahali hapo na kutoa taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa. Ofisi iliyo karibu zaidi kwa wakazi wa jiji ni ile ya Hyrax Hill.

Wazazi na walimu wanahimizwa kuwapeleka watoto katika maeneo haya. Wazee nao wanaombwa kuwasimulia vijana asili ya majina ya mitaa, na familia zihifadhi picha zao za zamani pamoja na majina na miaka. Mtoto aliyeonyeshwa bao la Hyrax Hill leo ndiye atakayeuliza maswali siku tingatinga litakapokaribia kilima hicho.