Sahani ya Wiki ya Nane

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulio chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania (TASAF), umepangwa kuwalipa walengwa kila baada ya miezi miwili. Tunapoujadili, aghalabu tunauliza kaya inapata shilingi ngapi. Ni nadra kuuliza fedha hizo zinafika siku ya ngapi, na mezani kuna nini siku ya mwisho. Katika kipindi cha kwanza cha mpango, uliozinduliwa mwaka 2012, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, yaani 20,000 kwa malipo mamoja. Ukizigawa kwa siku 60, kaya nzima inabaki na shilingi 333 kwa siku. Lakini nani anaishi kwa mgawanyo huo? Kwanza linalipwa deni lililoandikwa kwenye daftari la dukani, kisha unanunuliwa unga, mafuta ya kula, sabuni, daftari la mtoto. Zikipita wiki chache, hakuna tena cha kugawa.

Jambo hili limepimwa kwa makini huko Marekani, ambako msaada wa chakula hutolewa mara moja kwa mwezi. Mwaka 2005 mchumi Jesse Shapiro alionyesha kwamba nishati wanayoipata wapokeaji kutoka kwenye chakula hupungua kwa asilimia 10 hadi 15 kati ya mwanzo na mwisho wa mwezi. Ikiwa mwezi mmoja unaleta pengo hilo katika nchi tajiri, miezi miwili haiwezi kuwa myepesi kwa kaya ya Ikoma, wilayani Serengeti. Tena pengo hilo haliingii kupitia ugali. Unga ndio wa mwisho kukosekana, kwa sababu kila mama hulinda shibe kwanza; kinachoondoka ni kitoweo. Wiki ya kwanza kuna dagaa waliokaangwa kwa nyanya, kitunguu na mafuta, na pengine maziwa ya mtoto. Wiki ya nane ni ugali uleule wa mtama au muhogo, kwa mlenda uliochemshwa kwa chumvi. Tumbo limejaa, ila mtoto wa miaka miwili amekosa protini na mafuta katika umri ambao mwili hausubiri. Na hapa Ikoma kuna ugumu wa pekee: tembo wakiingia shambani, akiba ya ghalani inayopaswa kuziba pengo hupotea usiku mmoja, na nyumbu wanaopita jirani ni nyama ambayo kuiwinda bila kibali ni kosa la jinai.

Wapo wanaosema tatizo ni walengwa wenyewe, kwamba fedha zinaishia kwenye pombe. Dai hilo halina ushahidi. Mwaka 2014 watafiti David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walipitia tafiti za nchi nyingi na hawakuona kwamba ruzuku za fedha huongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Hoja nzito zaidi ni ile ya wanaotetea malipo ya mkupuo: shilingi 20,000 kwa pamoja hununua kuku wa kufuga, shilingi 2,500 kwa wiki hazinunui. Hilo ni kweli, na kuku huyo ndiye mayai ya wiki ya nane. Lakini mama mwenye mtoto anayenyonya na kijana anayetaka kuanza mradi hawana haja moja, na malipo kwa simu yamerahisisha kutuma fedha kidogo kidogo. Mlengwa apewe nafasi ya kuchagua mwenyewe: mkupuo wa miezi miwili, au kila mwezi. Vyovyote atakavyochagua, tarehe isichelewe, maana kila wiki ya kuchelewa huongezwa mwishoni, pale ambapo kitoweo kimekwisha. Na wanaofanya tathmini ya lishe wilayani, tunawaomba wasizitembelee kaya wiki ya malipo tu. Waende pia siku chache kabla ya malipo, wafunue sufuria.