Hisani ya Mtawala na Haki ya Msanii

Mwishoni mwa mwezi wa Machi mwaka 2017, katika muda wa siku mbili tu, wimbo mmoja wa kufokafoka ulipatwa na mambo matatu ambayo si kawaida kukutana mahali pamoja: ulimtia mwenyewe mikononi mwa polisi, ulipigwa marufuku na baraza la serikali, kisha ukasifiwa na mkuu wa nchi. Wimbo huo uliitwa Wapo, na aliyeuimba ni Emmanuel Elibariki, anayejulikana kwa mashabiki wake kwa jina la Nay wa Mitego. Ndani yake alikemea mienendo ya watu wa siasa na ya watu mashuhuri, akauliza kama raia bado wana uhuru wa kusema yaliyo moyoni mwao. Jumapili ya tarehe 26 alikamatwa mkoani Morogoro, alikokuwa amekwenda kutumbuiza, akapelekwa Dar es Salaam. Kesho yake Baraza la Sanaa la Taifa, ambalo wengi hulitaja kwa kifupi kuwa BASATA, lilitangaza kwamba wimbo ule haufai kupigwa. Na siku hiyo hiyo Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, Dakta Harrison Mwakyembe, akizungumza na waandishi mjini Dodoma, alieleza kwamba Rais John Magufuli ameupenda wimbo, kwamba msanii aachiwe na wimbo uendelee kupigwa, na kwamba ingefaa zaidi kama angeongeza humo maovu mengine ya jamii, mfano wa yale ya wakwepa kodi.

Watu walishangilia, na hapana wa kuwalaumu, maana kijana aliyekuwa mahabusu alirudi kwa jamaa zake na wimbo wake ukavuma kuliko mwanzo. Lakini chini ya shangwe ile lilibaki swali ambalo halikupata mtu wa kulijibu. Ikiwa msanii alikuwa na hatia, kuachiwa kwake kwa sababu wimbo umependeza sikio la mkubwa ni kuivunjia sheria heshima yake. Na ikiwa hakuwa na hatia, basi kukamatwa kwake kulikuwa dhuluma, na dhuluma hulipwa fidia wala haifutwi kwa pongezi. Hakuna hakimu aliyekaa kuisikiliza kesi, hakuna kifungu cha sheria kilichosomwa na kufafanuliwa, wala hakuna ithibati iliyopimwa mbele ya watu. Alichopewa msanii siku ile kilikuwa hisani, na hisani ni mali ya mtoaji, anayeweza kuitoa leo na kuizuia kesho bila ya kuulizwa na yeyote.

Ili tufahamu kwa nini dola hujishughulisha kiasi hiki na maneno ya vijana wanaochana mistari, yafaa tukumbuke kwamba katika nchi zetu wimbo na shairi havikuwa burudani peke yake tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga mashairi juu ya mapenzi na juu ya bei za sokoni, lakini pia juu ya vita na siasa, akiwatetea Wamazrui wa mji wake dhidi ya Seyyid Said wa Oman, na kujibizana na malenga wa Lamu kwa mafumbo makali ambayo yalifahamika kwa kila mwenye masikio. Unguja nako, katika miaka ya 1920, Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa katika ufukara na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, aliimba habari za wanyonge katika mji uliotawaliwa na Sultani kwa upande mmoja na Mwingereza kwa upande wa pili. Katika wimbo wake wa Kijiti alisimulia habari ya mtu aliyemuua mwanamke kisha akatoroka, ilhali mkono wa sheria ukawaangukia wanawake waliokuwa wameandamana na marehemu. Mahakama ilikuwa imekwisha kutoa hukumu yake, na wimbo ukatoa ya pili, ambayo watu waliikariri barazani na vibarazani miaka mingi baada ya jalada la kesi kufungwa.

Huo ndio urithi walioupokea vijana wa Tanzania walipoanza, katika miaka ya 1990, kuchana kwa Kiswahili juu ya midundo iliyotoka Marekani. Joseph Mbilinyi, aitwaye Sugu au Mr. II, na Joseph Haule, aitwaye Professor Jay, waliyaleta kwenye redio mazungumzo ya vijiweni, yaani ukosefu wa kazi, rushwa, maradhi, na ahadi za wagombea. Wimbo wa Professor Jay wa mwaka 2001, Ndio Mzee, unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa unaonyesha jinsi sanaa hii inavyofanya kazi. Mwimbaji haiambii hadhira kwamba wanasiasa ni waongo. Anavaa ngozi ya mwanasiasa mwenyewe, anasimama jukwaani, anamimina ahadi juu ya ahadi zisizoweza kutimia, na kila ahadi umati unaijibu kwa kukubali. Hata msikilizaji anayecheka hufika mahali akajitambua kuwa yumo katika umati ule. Sasa mfikirie mkaguzi aliyekabidhiwa maneno ya wimbo huo juu ya karatasi, bila ya sauti na bila ya kiitikio, na kutakiwa aseme kama una uongo ndani yake. Atakuta uongo kila mstari, kwa sababu uongo ndio uliotiwa sura ili uonekane. Msanii husema kwa ndimi nyingi, za mlevi, za mwizi, za mbunge na za mjane, na mwenye kumhesabia kila neno kuwa ni kauli yake binafsi hajaufahamu wimbo anaouhukumu.

Wengi hawajui ukaguzi huo unavyotendeka, kwa hiyo si vibaya kuueleza kwa ufupi. BASATA iliundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984, na kazi yake ya asili ni kukuza na kuendeleza sanaa. Pamoja na kazi hiyo imepewa madaraka ya kusajili wasanii na kutoa vibali vya maonyesho, na kanuni za mwaka 2018 ziliongeza sharti kwamba msanii aipeleke kazi yake ikaguliwe kabla haijatoka. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa upande wake, inavisimamia vituo vya redio na televisheni, na kituo chaweza kutozwa faini au kufungiwa kwa kile kilichorushwa hewani. Basi hata pale ambapo hapana amri yoyote iliyotolewa, mtangazaji mwenye leseni ya kulinda huukalia wimbo. Na mtunzi, akilijua hilo, huufuta mstari kabla hajaingia studio. Udhibiti wa namna hii hauachi nyaraka wala mashahidi, nao ndio ulio mpana kuliko wote, kwa kuwa hakuna awezaye kuhesabu nyimbo zilizokufa vinywani mwa watu.

Wako watakaojibu kwamba si kila wimbo ni nasaha kwa watawala, kwamba nyingine ni matusi matupu, na kwamba mzazi ana haki ya kulindiwa mwanawe. Hoja hii ina uzito, na mwenye insafu hawezi kuipuuza. Lakini tuitazame ilivyotumika. Mwezi wa Novemba 2018 BASATA iliufungia wimbo Mwanza wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa sababu ya maneno yaliyohesabiwa kuwa ya aibu; wasanii wale walipoutumbuiza jukwaani mwezi uliofuata, wakafungiwa kufanya maonyesho ndani na nje ya nchi kwa muda usiotajwa mwisho wake; nao walipoomba radhi, kifungo kikaondolewa mwezi wa Januari 2019. Mtoto angeweza kulindwa kwa kuupeleka wimbo katika saa za usiku, au kwa kuutangaza kuwa ni wa watu wazima. Badala yake watu walizuiwa kazi iliyowapa riziki wao na wapigaji wao, kwa adhabu isiyo na kipimo, ambayo ufunguo wake ulikuwa ni radhi ya aliyeitoa. Hapa tena tunaikuta ile hisani, na safari hii imevaa kanzu ya maadili.

Hoja nzito zaidi ni ile ya damu. Wimbo waweza kuua, na sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kuusafiria mbali ushahidi wake. Nyimbo za Mnyarwanda Simon Bikindi zilipigwa na redio ya RTLM wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na mwenyewe alishitakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda iliyokaa Arusha. Tarehe 2 Desemba 2008 majaji walimhukumu kifungo cha miaka 15, nayo sababu yao inafaa kusomwa na kila mwenye mamlaka juu ya sanaa. Walizichambua nyimbo zenyewe, wakasikiliza wataalamu wa lugha, wakakubali kwamba tatu kati yake zilitumiwa kueneza chuki. Hata hivyo hawakuona ithibati ya kutosha kwamba alizitunga kwa kusudi la kuchochea mashambulio, wala kwamba yeye ndiye aliyezipeleka hewani mwaka ule. Kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyanadi kwa kipaza sauti, akiwa ndani ya gari barabarani, mwezi wa Juni 1994, akiwahimiza watu wawaue Watutsi. Ikiwa mahakama iliyobeba msiba mkubwa kiasi hicho iliweza kutenga wimbo na kitendo, na kudai ushahidi wa kila kimoja, ni udhuru gani atakaoutoa ofisa anayemfungia mtu kwa sababu ametaja wizi wa mali ya umma?

Tena tusidhani kwamba gharama ya maneno huishia kwenye barua ya marufuku. Tarehe 5 Aprili 2017, siku chache tu baada ya Wapo kusifiwa, Roma Mkatoliki, mchanaji ajulikanaye kwa mistari yake ya siasa, alichukuliwa na watu wasiojulikana pamoja na wenzake watatu kutoka studio ya Tongwe Records mjini Dar es Salaam. Walionekana tena siku ya tatu, na alipozungumza na waandishi alieleza kwamba walipigwa na kuteswa. Mwezi wa Februari 2018 Sugu, wakati huo akiwa mbunge wa Mbeya Mjini, alihukumiwa miezi mitano gerezani kwa maneno aliyoyasema dhidi ya Rais katika mkutano wa hadhara, akatoka mwezi wa Mei kwa msamaha wa Rais. Na Nay wa Mitego, yule yule aliyepongezwa mwaka 2017, aliitwa mwaka 2024 kujibu tuhuma mbele ya BASATA kwa sababu ya wimbo wake Nitasema.

Jirani zetu nao waliyapitia haya. Mwaka 1969 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka 22, alifungwa miaka mitatu kwa waraka wake Kenya: Twendapi?, akashitakiwa kwa sheria ya uchochezi iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Katika upweke wa gerezani alitunga mashairi, akayaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yalipotoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, yalipata tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, Rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Tuzo haikumrudishia miaka ile mitatu. Kilichowafaa waliokuja nyuma yake ni kwamba mwaka 1997 Kenya ilikiondoa kifungu cha uchochezi katika sheria zake, asiweze mtawala mwingine kukichukua tena pale alipokiacha aliyetangulia.

Na huko ndiko tunakopaswa kuelekea. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, na Ibara ya 30 inaruhusu mipaka iwekwe kwa maslahi ya wote. Mipaka ni halali. Kinachobishaniwa ni nani aichore, na kwa wino gani. Tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, vikiwemo vya uchochezi, vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Vipimo vilivyotumika hapo kwa gazeti vinaufaa wimbo vile vile: katazo liandikwe kwa maneno yanayofahamika kabla ya kosa, liwe na sababu ya haki, na lisizidi kiasi cha madhara yanayozuiwa.

Kwa hiyo BASATA na irudi kwenye kazi yake ya asili ya kuilea sanaa, na sharti la kukagua nyimbo kabla hazijatoka liondolewe. Anayedai kwamba wimbo umemdhuru, awe raia au awe serikali, na aende mahakamani akathibitishe, msanii apate nafasi ya kujitetea, na hukumu iandikwe pamoja na sababu zake. Nasi wasikilizaji tuna wajibu wetu: atakapokamatwa msanii mwingine, hata yule ambaye maneno yake yanatuudhi, tuulize ni kifungu gani alichokivunja na ni hakimu gani atakayemsikiliza, wala tusiridhike kuambiwa kwamba mkubwa amemsamehe.