Kufunga Breki na Kukata Kona: Lugha ya Kuwafundishia Vijana Uendeshaji wa Pikipiki

Mji wa Mafinga, wilayani Mufindi katika Mkoa wa Iringa, umekaa juu ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma na Zambia. Pembeni mwa barabara hiyo zinachipuka njia za udongo ziendazo katika Shamba la Miti la Sao Hill, katika mashamba ya chai ya Mufindi, na huko Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi. Kijana anayebeba abiria kwa pikipiki hupita kote humo kwa siku moja. Asubuhi yuko katika lami pamoja na malori ya mizigo; mchana yumo katika tope jekundu la njia ya msituni; na jioni, hasa miezi ya Juni na Julai, yumo katika ukungu na baridi ambayo mara nyingine hulaza sakitu juu ya majani. Kwa vijana wengi wa mji huo, pikipiki ndiyo kazi ya kwanza kupatikana baada ya kumaliza shule.

Makala haya hayakusudii kurudia maonyo ambayo vijana hao wamekwisha kuyasikia. Tunakusudia kuchunguza lugha inayotumika kuwafundisha, maana tunaonelea kuwa sehemu ya upungufu imo humo. Lugha yetu ya usalama barabarani ni tajiri sana kwa makatazo, lakini ni maskini kwa majina ya ufundi wenyewe. Kijana huambiwa asiende mbio, asizidishe abiria, asinywe pombe. Na kila mwaka, katika Wiki ya Nenda kwa Usalama, huyasikia hayo upya kwa vipaza sauti. Ni nadra kuambiwa, kwa maneno yenye maana moja iliyo dhahiri, mkono wake wa kulia ufanye nini pale lori la magogo linaposimama ghafla mbele yake.

Tuanze na jina la mtu mwenyewe. Neno bodaboda limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, likitamkwa mara mbili; lilianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako wenye baiskeli walikuwa wakivusha abiria na mizigo. Hapa Tanzania biashara ya kubeba abiria kwa pikipiki ilitambuliwa na kanuni zilizotolewa mwaka 2010, na neno likaenea pamoja nayo. Leo bodaboda ni chombo, ni kazi, na ni mtu. Sheria humwita mtu huyo dereva. Wenye vyeo, kwa nia ya kumpa heshima, wamezoea kumwita afisa usafirishaji. Heshima ni jambo jema, lakini hakuna jina hata moja kati ya hayo linalotofautisha aliyeanza juzi na aliyekwisha kuhitimu. Tutalirudia jambo hilo.

Jambo zito zaidi ni vitenzi. Waswahili husema kufunga breki, na usemi huo ni wa siku nyingi. Umo magazetini na umo katika hadithi. Lakini hebu tuutazame kwa jicho la mwanafunzi. Kufunga ni kutia kitu kufuli, kukizuia kisiende kabisa. Kijana aliyefundishwa kufunga breki hujaribu kufanya hivyo hasa: hukanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zote mpaka gurudumu linasimama kuzunguka, na pikipiki inaendelea kuteleza na huku mkia wake unapepesuka. Gurudumu likifungwa, tairi huacha kushika barabara. Kwa hiyo kitenzi chenyewe kinaamuru kosa.

Kwa gari lenye magurudumu manne madhara ya kosa hilo huwa si makubwa kila mara. Kwa pikipiki ni kuanguka. Tena liko jambo la pili lililojificha humo. Vijana wengi, na hata baadhi ya wanaowafundisha, huamini kwamba breki ya mbele ni ya hatari na haifai kuguswa, kwa kuwa inamrusha mtu. Ukweli ni kwamba pikipiki inapopunguza mwendo uzito wake huegemea mbele, na kwa sababu hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa zaidi wa kuisimamisha katika lami kavu. Anayeikimbia breki ya mbele ameacha sehemu kubwa ya nguvu yake ya kusimama. Kinachomwangusha mtu ni kuishika kwa ghafla, au kuishika kwa nguvu katika changarawe na tope, au pikipiki ikiwa imelala katika kona.

Basi tunahitaji kitenzi kinachobeba maana ya nguvu inayoongezwa kidogo kidogo. Kubana kimependekezwa na baadhi ya walimu, nacho si kibaya. Lakini mtu akibana kitu hukishika papo hapo na kukishikilia. Sisi tunapendelea kuminya. Anayeminya chungwa huanza polepole, akazidisha kadiri maji yanavyotoka, na anaweza kulegeza. Kwa hiyo tungesema: minya breki ya mbele kwa vidole, kanyaga ya nyuma kwa wepesi, na ukihisi gurudumu limefunga, legeza kisha minya tena. Katika sentensi hiyo neno kufunga limebaki, ila sasa ni jina la kosa, si jina la tendo. Katika hadithi na katika taarifa za habari mtu na aendelee kufunga breki apendavyo. Tunazungumzia vitabu vya mafunzo tu.

Usemi wa kukata kona una matatizo ya namna hiyo hiyo. Katika mazungumzo maana yake ni kugeuka tu. Lakini mwenye pikipiki huikata kona kweli, yaani huinyoosha kwa kupita upande wa wanaokuja. Sisi huendesha upande wa kushoto. Kwa hiyo anayekata kona ya kulia hujikuta ana kwa ana na lori, na katika barabara ile hakuna nafasi ya kuombana radhi. Wakazi wa Mafinga hawajasahau kwamba mwezi Machi 2015, katika eneo la Changarawe, basi na lori viligongana na watu zaidi ya 40 wakafa. Kama watu waliomo ndani ya basi hawana kinga mbele ya lori, wa pikipiki ana nini?

Badala ya kukata kona tunashauri tendo hilo ligawanywe katika sehemu zake, kila moja na jina lake: kupunguza mwendo kabla ya kona, kuingia kona, kuilaza pikipiki kidogo, na kutoka. Ufundi wote umo katika neno kabla. Anayeanza kutafuta breki akiwa tayari yumo ndani ya kona amechelewa, maana wakati huo tairi lina kazi mbili, ya kugeuka na ya kusimama, na huenda lisiziweze zote. Macho nayo yaelekezwe kule kona inakoishia. Vijana wenyewe huligundua jambo hilo bila mwalimu, kwamba pikipiki huenda kule mtu anakotazama. Na anayelikodolea macho shimo huishia shimoni.

Sasa tuje kwenye tairi na barabara. Vitabu vya fizikia vya shule zetu vinalo neno msuguano, nalo ni sahihi. Lakini kijana wa kijiweni husema tairi limeshika au tairi limeachia, na kwa maoni yetu hakuna sababu ya kumnyang'anya maneno mazuri kiasi hicho. Mfasiri mmoja alituuliza kama jina linaloundwa hapo, yaani mshiko, lingefaa kuwa istilahi. Kwa sarufi linafaa. Kwa bahati mbaya mshiko mitaani ni fedha, na mwalimu atakayesimama mbele ya vijana na kuwaambia kwamba mvua hupunguza mshiko atachekwa, ingawa atakuwa amesema kweli mara mbili. Tunashauri vitenzi vitumike na jina liachwe.

Vitenzi hivyo vitamsaidia mwalimu kueleza mambo ya Mafinga hasa. Malori yatokayo msituni wakati wa masika huleta tope katika magurudumu yake na kuliacha juu ya lami, pale njia ya udongo inapokutana na barabara kuu. Dereva wa gari halioni. Mwenye pikipiki, anayetoka katika lami inayoshika na kuingia katika hatua chache zisizoshika, hulitambua akiwa amekwisha kuanguka. Hali kadhalika baridi: mikono isiyo na glavu hufa ganzi, na vidole vilivyokufa ganzi huchelewa kuminya. Glavu kwa kijana wa nyanda za juu ni chombo cha breki kama ulivyo waya wa breki.

Kuhusu mwendo, neno lililotumika miaka mingi katika maonyo ni mwendokasi. Tangu mwaka 2016, mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Dar es Salaam, wananchi wameyaita mabasi hayo Mwendokasi, na neno la onyo likawa jina la huduma ambayo watu hupanga mstari kuisubiri. Halina tena makali. Hata hivyo, kumwambia kijana apunguze mwendo bila kumweleza sababu hakufai kitu, hasa ikiwa pikipiki si yake na jioni anadaiwa hesabu na mwenye nayo. Afadhali apewe hesabu nyingine. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo katika maeneo wanamokaa watu, pikipiki hukata mita 14 hivi kwa kila sekunde. Mtu aliye macho huhitaji sekunde moja, au zaidi, kuona hatari na kuanza kuminya breki. Kwa hiyo mita 14 zimekwisha kabla breki haijafanya lolote. Na mwendo ukiongezwa mara mbili, umbali unaohitajika kwa breki yenyewe huongezeka mara nne. Istilahi zinazohitajika hapa ni tatu tu: umbali wa kutambua, umbali wa breki, na jumla yake, yaani umbali wa kusimama. Tumeviona vijitabu vilivyofasiri yote matatu kwa maneno mamoja, umbali wa usalama, na msomaji akabaki hajui kinachojumlishwa na nini.

Kofia ngumu, ambayo vijiweni huitwa elementi, inatutaka tuseme kidogo. Aliyebuni jina la kofia ngumu alitazama nje tu. Kofia hiyo ni ngumu kwa ganda lake, lakini kinachookoa ubongo ni povu lililo ndani, ambalo hubonyea na kuupokea mshindo. Uchunguzi uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kofia hizo hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini kwa kuwa jina linasifu ugumu peke yake, wako wanaovaa kofia za mafundi wa ujenzi na kudhani wametii sheria. Na wako wanaoendelea kuivaa kofia iliyokwisha kupata ajali kwa kuwa ganda halijapasuka. Tena ni kofia, na kofia huwekwa kichwani tu, haifungwi; ndiyo maana kamba ya kidevu huachwa ikining'inia. Jina limekwisha kuenea, na hatuoni faida ya kulipiga vita. Tungetaka tu kwamba kila maelezo yanapotaja kofia ngumu yataje pamoja nayo ganda, povu na kamba, na kitenzi kiwe kufunga kofia badala ya kuvaa kofia. Hapa kufunga kumepata mahali pake.

Neno mshikaki, kwa maana ya kupakia abiria wawili au zaidi, lina ucheshi, na ucheshi huo ndio unaolitia hatari tamu. Sheria husema kuzidisha abiria. Walimu watumie yote mawili.

Turudi kwa mtu mwenyewe. Kijana wa Mafinga hujifunza pikipiki kwa rafiki, katika uwanja wa mpira, mara nyingi kwa alasiri moja au mbili; keshoye yuko kijiweni. Vyuo vya ufundi na polisi wa usalama barabarani hutoa mafunzo, na leseni ya daraja A ipo kisheria, lakini kati ya uwanja wa mpira na leseni hiyo kuna muda usio na jina. Anayejifunza gari huitwa lena. Anayejifunza pikipiki haitwi kitu, kwa hiyo hakuna anayemtazamia kuwa bado anajifunza, hata yeye mwenyewe. Kiswahili kina neno mwanagenzi, la fundi anayeanza kazi chini ya aliyemtangulia, na uanagenzi umekwisha kukubaliwa katika mafunzo ya ufundi. Kijiwe kikiwa na wanagenzi wake wanaojulikana, wazee wa kijiwe wataweza kusema bila kumvunjia mtu heshima: huyu bado mwanagenzi, asipakie abiria usiku, asiende Mgololo mvua ikinyesha.

Wapo watakaosema kwamba vijana hawatalikubali neno la zamani kiasi hicho. Huenda. Tulipolijaribu kwa vijana wachache kijiweni, mmoja aliuliza kama mwanagenzi anaruhusiwa kutoza nauli nusu. Wenzake wakacheka, na kabla hatujaondoka walikuwa wamekwisha kumwita hivyo. Wasomaji wa mikoa mingine ambao vijiwe vyao vina maneno bora kuliko haya, hasa kwa breki, kona na tope, tutashukuru wakituandikia.