Moyo wa Samaki Mdogo

Mtu akiweka mkono kifuani husikia moyo wake ukipiga. Je, ulianza kupiga lini? Ulianza tumboni mwa mama, yapata juma la tatu tangu mimba kutungwa, naye mtoto alikuwa mdogo kuliko punje ya mchele. Wakati huo moyo ni mrija tu. Baadaye hujikunja, ukagawanyika vyumba vinne. Katika kila watoto mia, yapata mmoja huzaliwa na kasoro ya moyo. Lakini ni nani awezaye kuchungulia tumboni aone kasoro hiyo inavyoanza?

Watu wa kale walitazama yai la kuku. Aristotle, Myunani mwenye elimu nyingi, aliandika kwamba siku ya tatu ya kuatamiwa huonekana ndani ya yai nukta ya damu ikirukaruka. Nukta hiyo ndiyo moyo. Ila gamba la yai huficha mambo, na ukilivunja kifaranga yu hatarini.

Siku hizi wataalamu hufuga samaki mmoja wa mito ya Bara Hindi, urefu wake sentimita 4 hivi, mwenye milia kama punda milia. Mayai yake hukua majini, nayo yaonyesha ndani kama kioo. Baada ya siku moja tu moyo hupiga, na mtu mwenye darubini huuona waziwazi.

Tena samaki huyu ana jambo moja ambalo kwangu ni la ajabu kuliko yote. Akiwa mchanga hupata hewa kwa kupenya ngozi yake, basi hata moyo usipopiga huishi siku kadhaa, na wataalamu hupata nafasi ya kumchunguza. Mwaka 1996 walieleza habari za samaki wa namna hiyo, ambao mioyo yao ilikuwa kimya kabisa. Mwaka 2002 sababu ikajulikana: jeni moja, yaani agizo la urithi litengenezalo msuli wa moyo, ilikuwa imeharibika. Jeni hiyohiyo ikiharibika kwa binadamu, yaweza kuunenepesha msuli wa moyo hata mtu akafa ghafula.

Moyo wa samaki una vyumba viwili tu. Kwa hiyo anayetaka kujua habari za tundu katika kiambaza cha moyo hana budi kurudi kwa kuku na panya. Lakini mwaka 2002 huohuo iligunduliwa kwamba samaki huyu akikatwa sehemu ya tano ya chumba kisukumacho damu, kwa muda wa miezi miwili nyama mpya huota mahali pale. Moyo wetu ukijeruhiwa hubaki na kovu. Tofauti hiyo yatoka wapi, ndilo swali wanalolichunguza mpaka leo.