Elektroniki ya gitaa la umeme la bei nafuu

Elektroniki ya gitaa la umeme ni jumla ya sehemu zinazogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa mkondo wa umeme na kuupeleka kwenye amplifaya. Sehemu hizo ni pikapu, swichi ya kuchagulia pikapu, vidhibiti vya sauti na toni, kapasita, nyaya za ndani na tundu la kuchomekea kebo. Katika magitaa ya bei nafuu ndizo zinazolaumiwa kwanza sauti isipopendeza, na wenye magitaa wengi hukimbilia kuzibadilisha zote. Lawama hiyo mara nyingine ni ya haki. Lakini mara nyingi kasoro huwa katika sehemu moja ndogo, au katika marekebisho ambayo hayagharimu chochote zaidi ya bisibisi.

== Jinsi inavyofanya kazi ==

Kiini cha saketi ni pikapu. Neno hili Waswahili wengi wanalijua kama gari dogo la mizigo. Kwa wapiga gitaa ni kifaa kinachokaa mwilini mwa gitaa, chini ya nyuzi. Ndani yake mna sumaku na koili ya waya wa shaba, mwembamba kama unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku hubadilisha uga wa sumaku unaopita katika koili, na badiliko hilo huzalisha umeme kidogo. Kanuni yenyewe ilionyeshwa na Michael Faraday mwaka 1831. Ndiyo sababu nyuzi za nailoni hazisikiki kwenye pikapu ya sumaku hata zikipigwa kwa nguvu.

Kuna aina mbili kuu. Pikapu ya koili moja, kama zile tatu za gitaa la Fender Stratocaster lililotoka mwaka 1954, ina sauti safi yenye kung'aa, ila hudaka pia mvumo wa nyaya za umeme wa nyumbani. Pikapu ya koili mbili ilibuniwa na Seth Lover wa kampuni ya Gibson mwaka 1955 ili kuondoa tatizo hilo. Koili zake huunganishwa kinyume na sumaku zake huelekezwa kinyume, hivyo mvumo wa koili moja hufuta wa nyingine, wakati sauti ya nyuzi hujumlishwa.

Kutoka kwenye pikapu umeme hupita kwenye potensiometa, yaani kile kidhibiti kinachozungushwa kwa kitufe cha sauti au cha toni. Kitufe cha toni hufanya kazi pamoja na kapasita, ambayo hupeleka sauti za juu kwenye waya wa chini, na gitaa likasikika zito zaidi. Saketi hii ya kawaida haina betri, na fundi redio yeyote anaweza kuisoma kwa dakika chache.

== Gharama hupunguzwa wapi ==

Magitaa nafuu mengi ya leo hutengenezwa China na Indonesia. Squier ni jina linalomilikiwa na Fender, ambayo ilianza kulitumia kwa magitaa ya bei ya chini mwaka 1982, kwanza yale ya Japani. Epiphone ni mali ya Gibson tangu mwaka 1957. Mashine za kompyuta za kukata mbao zimefanya shingo na miili ya magitaa haya kuwa sahihi kuliko ilivyokuwa zamani, na kiwanda kinapotafuta pa kubana matumizi huenda kwenye vile visivyoonekana dukani.

Mahali pa kwanza ni sumaku. Katika pikapu ya koili moja ya mtindo wa zamani, vijiti sita vilivyo chini ya nyuzi ni sumaku zenyewe, za alniko, yaani mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma. Katika pikapu rahisi vijiti hivyo ni vya chuma cha kawaida, na chini yake imebandikwa sumaku bapa ya kauri moja au mbili. Ukiigeuza pikapu utaiona mara moja. Tofauti hiyo inasikika: vijiti vya chuma huongeza induktansi ya koili na kupunguza mng'aro. Hata hivyo, kuita kauri "sumaku mbaya" ni porojo za biashara. Zipo pikapu za gharama kubwa zinazotumia kauri kwa makusudi, hasa kwa muziki wa roki nzito. Pikapu hutoka mbaya kwa sababu ya usanifu wake wote, si kwa sababu ya jina la sumaku.

Mahali pa pili ni vidhibiti. Magitaa nafuu hutumia potensiometa ndogo, na mara nyingi huwekwa ile ambayo ukinzani wake hubadilika sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho, badala ya ile inayofuata namna sikio linavyosikia. Mpigaji ataona kwamba sauti inabaki karibu vilevile sehemu kubwa ya mzunguko, kisha inashuka ghafla karibu na sifuri. Kwenye sehemu nyingi zinazotengenezwa Asia, herufi A kabla ya thamani, kama A250K, huonyesha aina inayofuata sikio, na B ile ya sawasawa. Kitu hiki kidogo kinaudhi kuliko sumaku, na kukibadilisha ni rahisi sana.

Kisha kuna swichi na tundu la kebo lililofungwa ndani ya kiboksi cha plastiki, ambalo halishiki vizuri baada ya miaka michache. Pwani, hewa yenye chumvi na unyevu huharakisha kutu kwenye sehemu hizo, na mkwaruzo usikiao unapozungusha kitufe kwa kawaida ni uchafu au kutu. Pia, baadhi ya pikapu rahisi hazikuzamishwa kwenye nta. Bila nta waya wa koili hutikisika wenyewe, na amplifaya ikifunguliwa sana gitaa hupiga mluzi usiozuilika kwa mkono juu ya nyuzi.

== Namba zisizosema kila kitu ==

Wauzaji hupenda kutaja ukinzani wa pikapu kana kwamba ni kipimo cha nguvu. Pikapu nyingi za koili moja zina kiloomu 5 hadi 8, na za koili mbili huanzia karibu 7 na kuendelea. Lakini waya mwembamba zaidi una ukinzani mkubwa hata kama mizunguko ni ileile, na sumaku haionekani kabisa katika kipimo hiki. Hata hali ya hewa inaingia: ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzijoto moja. Pikapu iliyopimwa kiloomu 7.0 katika chumba cha nyuzijoto 20 itasoma karibu 7.3 mchana wa Dar es Salaam wenye nyuzijoto 32, wala hakuna kilichobadilika katika sauti yake.

Kinachosikika zaidi ni mahali ambapo koili na uwezo wa kapasita wa kebo vinapokutana na kutoa kilele cha sauti. Chukua pikapu yenye induktansi ya henri 2.4, ambayo ni ya kawaida kwa Stratocaster, na kebo yenye pikofaradi 100 kwa mita. Ukihesabu pia pikofaradi 100 za koili yenyewe, kebo ya mita 3 huweka kilele karibu na hezi 5,100. Kebo ya mita 6 hukishusha hadi karibu hezi 3,900. Hivyo mtu anayelalamika kwamba gitaa lake halina mng'aro anaweza kuwa na tatizo la kebo ndefu, au la nyuzi kuukuu zilizojaa jasho.

Thamani ya potensiometa nayo ina uzito. Kawaida ni kiloomu 250 kwa koili moja na 500 kwa koili mbili. Kwa kuwa sehemu za kawaida huruhusiwa kupotoka kwa asilimia 20, ile iliyoandikwa 500 inaweza kuwa 400 au 600, na ya juu husikika angavu kidogo. Kuhusu kapasita, nanofaradi 22 au 47 ndizo zinazotumika sana. Kapasita za kizamani zinazouzwa ghali kwa ajili ya rangi na jina hazitoi sauti nyingine ikiwa thamani ni ileile.

== Kulikagua gitaa ==

Gitaa likaguliwe kwa sauti safi ya amplifaya, bila kifaa cha kuchafua sauti, kwa sababu uchafuzi huficha makosa. Kwa anayepiga rumba au muziki wa dansi, ambako solo na ridhimu husikika noti kwa noti, hili halina mjadala.

Kila nafasi ya swichi ijaribiwe, kila kitufe kizungushwe polepole, na kebo itikiswe taratibu kwenye tundu lake. Sauti ikikatika, tundu ni legevu au lehemu imeachia. Pikapu igongwe kidogo kwa ukucha: mlio mdogo ni wa kawaida, lakini ikisikika kama maikrofoni huenda haina nta.

Mwenye mita ya umeme anaweza kupima bila kufungua kitu. Chomeka kebo, fungua sauti yote, kisha pima kati ya ncha ya plagi na shina lake. Pikapu ya kiloomu 7 kwenye potensiometa ya 250 itasoma karibu 6.8, kwa sababu viwili hivyo vimeunganishwa sambamba. Kitufe cha toni hakiathiri kipimo, maana kapasita huzuia mkondo mnyoofu. Katika nafasi inayowasha pikapu mbili za aina ya Stratocaster, namba itashuka hadi takriban nusu. Mita ikionyesha karibu 250 badala ya 7, unachokisoma ni potensiometa peke yake: koili imekatika au waya wake umeachia. Hicho ni kipimo kimoja kinachoweza kumwokoa mnunuzi wa gitaa la mtumba.

Urefu wa pikapu urekebishwe kabla ya kutoa hukumu. Fender hupendekeza, uzi ukiwa umebanwa kwenye freti ya mwisho, pengo la takriban milimita 2.0 chini ya uzi mnene na 1.6 chini ya uzi mwembamba kwa pikapu zake za kawaida za koili moja. Pikapu iliyo mbali mno hutoa sauti dhaifu. Ikisogezwa karibu mno, sumaku za alniko huvuta nyuzi na noti za juu huyumba. Magitaa mengi nafuu hutoka kiwandani bila mtu kuyashughulikia hapa.

== Mvumo na usalama ==

Mvumo ukipungua mpigaji anapogusa nyuzi, waya unaounganisha daraja la nyuzi na waya wa chini uko sawa. Kama kugusa nyuzi hakubadilishi kitu ila kugusa chuma cha plagi kunaunyamazisha, waya huo umekatika, na lehemu moja inatosha. Kuvika vyumba vya ndani karatasi ya shaba iliyounganishwa na waya wa chini hupunguza kelele za taa na vifaa vya umeme, ingawa hakuondoi kabisa mvumo wa hezi 50 ambao koili moja huudaka kupitia uga wa sumaku.

Kushtuliwa na umeme ni jambo jingine. Gitaa lenyewe huzalisha umeme mdogo usioweza kumdhuru mtu, kwa hiyo mshtuko kwenye nyuzi au mdomoni kwenye maikrofoni hutoka kwenye amplifaya au mfumo wa umeme wa jengo usio na waya mzuri wa ardhini. Mwaka 1972 Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea, Wales, baada ya kugusa maikrofoni isiyounganishwa vizuri na ardhi huku akiwa na gitaa mikononi. Ukihisi hata mchomo mdogo, zima vyombo na umwite fundi umeme.

== Kubadilisha au kuacha ==

Seti ya pikapu za kampuni mashuhuri inaweza kugharimu sawa na gitaa nafuu zima, na gitaa hilo likiuzwa tena fedha hiyo hairudi yote. Busara ni kuanza na vidogo: nyuzi mpya, urefu wa pikapu, dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi, kisha tundu la kebo na potensiometa. Pikapu zibadilishwe zikiwa na mluzi, zimekufa, au sauti yake haifai kwa muziki unaopigwa. Zile za zamani zitunzwe, kwa kuwa mnunuzi wa baadaye anaweza kuzitaka.

Shingo iliyopinda bila kurekebishika au freti zilizochakaa ni hasara kubwa kuliko pikapu yoyote, kwa sababu kazi yake inahitaji fundi wa magitaa, na mafundi hao ni wachache. Kwa hiyo kati ya gitaa lenye shingo nzuri na pikapu za kawaida, na lile lenye pikapu za kifahari na shingo mbovu, la kwanza ndilo la kununua. Baadhi ya magitaa ya daraja hili hayahitaji hata mabadiliko. Yamaha Pacifica 112V, kwa mfano, hutoka na pikapu za alniko, na kitufe chake cha toni kikivutwa juu huzima koili moja ya ile pikapu ya koili mbili.

== Pikapu rahisi zilizopata heshima ==

Nathan Daniel, mwanzilishi wa Danelectro huko New Jersey, Marekani, katika miaka ya 1950 aliweka sumaku na koili ndani ya vibomba vya chuma vya rangi ya mdomo. Magitaa yake yalitengenezwa kwa mbao za kubana na kuuzwa na maduka ya Sears kwa jina la Silvertone. Leo viwanda vinatengeneza nakala za pikapu hizo kwa sababu ya sauti yake angavu. Pikapu za Teisco za Japani zenye bamba la dhahabu zilipita njia hiyohiyo, baada ya Mmarekani Ry Cooder kuweka moja katika gitaa lake aina ya Stratocaster. Tangu hapo watu wamekuwa wakinunua magitaa mabovu ya Teisco ili kuyang'oa pikapu tu.