Chuma Kigeni Shambani

Tangu mwaka 1953 hata 1955 ndege za Kiingereza ziliruka kutoka Eastleigh, hapa Nairobi, zikaangusha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Mengine yalizama udongoni yasipasuke. Baadhi ya mashamba ya skimu za Kinangop hupakana na msitu huo. Baruti haiozi; kutu hula ganda tu, na kiwashio chake huenda kikawa chepesi kushtuka kuliko kilipokuwa kipya.

Huko Archer's Post na Dol Dol, askari wa Kiingereza walikofanyia mazoezi, walioumia wengi walikuwa watoto wachungaji. Mwaka 2002 Serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa watu zaidi ya 200 paundi milioni 4.5. Wengine walikuwa wamekwisha kuishi miaka mingi bila mkono au mguu.

Basi jembe likigonga chuma usichokijua, acha kazi. Usikichimbue, wala usikitie guniani ukauze kwa wafua vyuma wa Gikomba. Huko nyundo itamaliza kazi ambayo ndege haikuimaliza, tena penye umati, karibu na pale bomu lilipotokea. Weka alama kwa mbali, ondoa mifugo, mwite chifu au polisi. Wachungaji wadogo waambiwe kwanza, maana wao ndio waokotaji.