Piramidi za Duara za Teuchitlán

Ukitoka Guadalajara, mji mkuu wa jimbo la Jalisco nchini Meksiko, na kushika njia ya magharibi, barabara inapita katikati ya mashamba ambayo mtu yeyote aliyewahi kupita Korogwe au Muheza atayatambua papo hapo. Ni mkonge, au tuseme ndugu yake: majani yaleyale marefu yenye ncha kali, mistari ileile iliyonyooka hadi mbali, ila rangi yake inaelekea buluu. Huku hautafutwi kwa ajili ya nyuzi. Majani hufyekwa na kuachwa shambani, kinachochukuliwa ni kiini kinene cha chini, ambacho huokwa, kukamuliwa, kuchachushwa na kukenekwa mpaka kikatoa pombe ya tekila. Na udugu huo ni wa damu kabisa: mkonge wetu nao asili yake ni Meksiko, na ulifikishwa Tanganyika kupitia Florida na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893.

Baada ya kama saa moja na ushee unafika Teuchitlán, mji mdogo kando ya bwawa la La Vega, jirani na volkeno ya Tequila iliyonyamaza zamani. Kwenye mteremko juu ya mji ndipo yalipo magofu ya Guachimontones. Anayeondoka Guadalajara asubuhi kwa basi ataona yote kwa nafasi na kurudi kabla ya giza. Achukue kofia na maji, kwa sababu kutoka mjini ni kupanda kilima, na kule juu kivuli ni haba.

Piramidi za Misri zina pembe, na zile za Teotihuacan na Chichen Itza, ambazo picha zake zimejaa kila mahali, nazo zina pembe. Hizi za Teuchitlán ni za mviringo. Ngazi zake zinauzunguka mwili wote wa piramidi, duara juu ya duara, kama masinia yaliyopangwa kubwa chini na dogo juu. Kuizunguka piramidi kuna uwanja tambarare wa mviringo, na kuuzunguka uwanja huo kuna majukwaa ya mawe na udongo, nane, kumi au hata kumi na mawili, ambayo zamani yalibeba nyumba za miti na udongo zenye mapaa marefu. Duara kadhaa za namna hii zimesongamana mahali pamoja, na katikati yao umelala uwanja wa mchezo wa mpira wenye urefu wa zaidi ya mita 100. Wachezaji waliupiga mpira mzito kwa nyonga.

Waliojenga hapa walistawi kuanzia karne chache kabla ya Kristo hadi karne ya tano hivi baada yake. Waazteki, ambao wageni wengi hudhani ndio waliojenga kila kitu cha kale nchini Meksiko, walianzisha mji wao wa Tenochtitlan mwaka 1325, wakati nyasi zilishaota juu ya Guachimontones kwa karne nyingi.

Kilichonishika zaidi mimi ni yale majukwaa. Ukiyatazama kwa makini unaona hayafanani. Moja limepangwa mawe kwa ustadi, la jirani yake ni kubwa kidogo, jingine limejengwa kwa namna yake. Mwanaakiolojia Christopher Beekman ameeleza kwamba huenda kila jukwaa lilijengwa na ukoo wake, kwa nguvu zake na kwa mafundi wake. Nakubaliana naye. Hapa hakuna jumba la mfalme linaloyafunika mengine, wala sanamu ya mtawala mmoja anayekanyaga mateka. Kuna koo zilizoketi zikitazamana, na katikati yao kitu cha wote. Wenzetu wanaofundisha historia kana kwamba kila ustaarabu mkubwa lazima uwe na farao wangefaidika kusimama hapa kwa nusu saa.

Tunajua maisha ya uwanjani kwa sababu mafundi wa eneo hili walifinyanga vijumba vya udongo vinavyoonyesha mandhari nzima: nyumba kuzunguka duara, watu wanakula, wengine wamekumbatiana, mbwa wamo. Katika baadhi yake mtu amelala kwa tumbo juu ya mlingoti mrefu, na umati unamtazama kutoka chini. Kileleni mwa mojawapo ya piramidi za hapa wachimbaji walikuta shimo la kusimikia mlingoti.

Vijumba hivyo vilizikwa na wafu, katika makaburi yanayoshuka ardhini kama kisima kisha kufunguka kuwa vyumba. Hapo ndipo uchungu ulipo. Makaburi mengi yalivunjwa na wezi katika karne iliyopita, na vyombo vyake vikatawanyika kwa wakusanyaji wa Meksiko na ng'ambo. Chombo kilichong'olewa mahali pake kinabaki kizuri, lakini hakisemi tena kilikuwa cha nani. Mwaka 1993, huko Huitzilapa, si mbali na hapa, wataalamu walifungua kaburi ambalo halijaguswa. Walikuta maiti sita katika vyumba viwili, na kasoro ya kuzaliwa katika mifupa ya uti wa mgongo ilionyesha kwamba wengi wao walikuwa ndugu. Chini ya ardhi pia, basi, waliwekwa kiukoo.

Anayestahili shukrani kwa haya yote ni Phil Weigand, Mmarekani, pamoja na mkewe Acelia García, waliolitafiti eneo hili tangu miaka ya 1970, wakati wenzao wengi waliona magharibi ya Meksiko kuwa pembezoni pasipo na kitu. Uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 1999. Weigand alifariki mwaka 2011, na jumba la maonyesho langoni lina jina lake. Anza hapo, ukaone mifano na visu vya obsidiani, jiwe jeusi la volkeno linalokata kama wembe, ndipo upande juu. Piramidi zenyewe hairuhusiwi kuzikwea, na ni haki. UNESCO iliyaingiza magofu haya katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, pamoja na mashamba ya mkonge wa tekila.

Ukishuka, kando ya bwawa kuna mikahawa ya samaki. Kula, kisha uwahi basi.